Michenzani au Fumba?

Majumba ya ghorofa ya Michenzani, mjini Zanzibar, yalianza kujengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Wengi waliobomolewa nyumba zao eneo la Ng'ambo walipewa fleti bure. Ndiyo, bure! Lakini bomba likipasuka, nani atengeneze: serikali au aliye ghorofa ya juu? Ngazi ni ya wote, kwa hiyo haina mwenyewe.

Fumba, mji mpya nje ya mji wa Zanzibar, fleti unanunua. Sheria ya 2010 inamruhusu mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo, ingawa ardhi inabaki ya serikali. Usafi na ulinzi vipo, ukilipia. Mshahara wa mwalimu haufiki huko.

Mimi? Ningechukua Michenzani, soko la Darajani naenda kwa miguu, mradi maji yapande.