Feni ya kutoa hewa: namba ya kwenye boksi haikuhusu

Niliinunua feni ya bafuni kwa sababu ya namba moja. Boksi lilisema mita za ujazo 100 kwa saa, na bafu langu lina mita za ujazo 10. Nikapiga hesabu: hewa yote itabadilika mara kumi kwa saa. Nikalipa kwa raha zangu. Fundi akaifunga na bomba la plastiki linalonyumbulika, mita nne juu ya dari, kona mbili. Wiki ya tatu ukungu mweusi ukarudi kwenye pembe ileile. Nikachukua kipande cha karatasi ya chooni, nikakiweka kwenye wavu wa feni ikiwa inawaka. Kikaanguka.

Rangi, taa na rimoti mtajichagulia wenyewe. Mimi nina neno moja tu: ukinzani. Namba ya kwenye boksi mara nyingi hupimwa feni ikiwa uchi, bila bomba, bila kona, bila kifuniko cha nje. Yaani kwa paskali sifuri (paskali ni kipimo cha shinikizo ambalo feni inalazimika kulishinda). Ukishaifunga dari, hewa inaanza kugombana na bomba, na ugomvi huo ni mkubwa kuliko unavyodhani: kwa kiasi kilekile cha hewa, bomba laini ndani lenye kipenyo cha milimita 100 lina ukinzani takriban mara saba na nusu kuliko la milimita 150. Lenye makunyanzi, tena halikuvutwa likanyooka, ni balaa zaidi. Kwa hiyo ulizia grafu ya feni, usome inatoa hewa kiasi gani kwenye paskali 25, kisha kwenye 60. Ikiwa grafu haipo, rudisha pochi mfukoni.

Kwa bafu la nyumbani lenye bomba, chaguo langu la kwanza ni Panasonic WhisperGreen, na upendeleo wangu siufichi. Mota yake huongeza kasi yenyewe bomba linapoikaba, ili hewa isipungue. Halafu haina kelele. Feni yenye kelele huzimwa, na iliyozimwa haitoi kitu.

Bomba likiwa refu, au feni moja ikihudumia vyumba viwili, nenda kwa Soler & Palau TD-Silent. Hii hukaa katikati ya bomba, mbali na masikio yako.

Ofisi au darasa linalopashwa joto au kupozwa kutwa nzima linahitaji mashine ya kubadilishana joto: hewa inayotoka humwachia mwenzake anayeingia joto au ubaridi wake, bila kuchanganyika. Nzuri sana, ila chujio likijaa vumbi tumerudi kulekule kwenye ukinzani, na sijaona jengo ambalo mtu anakumbuka kubadilisha chujio. Darasa lenye madirisha pande mbili zinazotazamana, na hali ya hewa ya wastani, anzeni kwa kuyafungua.

Karakana na ghala? Feni kubwa ya mapanga ukutani, bila bomba. Hapo namba ya boksi inakaribia ukweli, mradi kuna tundu upande wa pili la kuingizia hewa. Zile feni ndogo za bei rahisi nazo ni za kufungwa kwenye tundu la ukuta tu, bila bomba, basi.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Bomba gumu na laini ndani, ambalo ndilo lingeiokoa feni yangu, liliuzwa kama anasa. Lile la makunyanzi nilipewa bure, eti zawadi ya mteja! Niliporudi kulalamika na kuulizia grafu, muuzaji akanionyesha karatasi ya waranti. Kisha akaichomeka feni pale kaunta, mapanga yakazunguka vizuri, upepo ukanipiga usoni.

"Si unaona, dada? Inavuta."

Kaunta haina bomba.