Risha ya nailoni ya milimita 0.73: tathmini ya mpigaji gitaa mwenye mkono unaouma

Risha ninayoitathmini hapa ni kipande cha nailoni cha kupigia nyuzi za gitaa, cha rangi ya kijivu, chenye unene wa milimita 0.73, kilichoandikwa Dunlop kwa herufi zilizonyanyuka, na bei yake haikuzidi bakuli moja la urojo. Vijana wengi huiita piki. Mimi nimezoea kuiita risha kwa sababu nilikaa na wapigaji wa udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, kabla sijashika gitaa, na jina hilo halijanitoka mdomoni hadi leo. Nimeitumia kwa muda wa miezi mitatu, siku nne kwa wiki, na niliinunua kwa fedha zangu mwenyewe. Kilichonipeleka dukani hakikuwa sauti, bali maumivu.

Maumivu hayo yalianza chini ya dole gumba la mkono wa kulia, kwenye kifundo, kisha yakapanda taratibu mpaka karibu na kiwiko. Mwanzoni yalikuwa yakinijia katika saa ya pili ya kupiga, hasa tukialikwa kwenye hoteli za pwani ambako wageni hutaka nyimbo za kuchezeka mfululizo. Baadaye yakawa yananisubiri asubuhi, ninapokamua nguo au ninapofungua kifuniko cha chupa. Ukaingia mwezi wa Ramadhani, gitaa likatundikwa ukutani na mkono ukapoa kabisa, nami nikadhani nimepona. Usiku wa Idi mosi nilipiga nyimbo sita tu, na katika ya saba nikalazimika kucharaza kwa kucha, kwa kuwa risha ilikuwa imeshanidondoka mara mbili.

Risha ile iliyodondoka ilikuwa ya plastiki laini isiyo na jina, ya aina inayouzwa kwa kuchota mkononi. Anayeishi Unguja hahitaji kuelezwa habari za jasho. Hapa kwetu nyuzi za chuma hushika kutu upesi kwa hewa ya chumvi, ubao wa gitaa hufura wakati wa masika mpaka nyuzi zikakaa juu kuliko zilivyowekwa na fundi, na vidole havikauki tangu wimbo wa kwanza. Risha laini ikilowa huteleza. Ikiteleza, vidole hubana. Na vidole vikibana kwa saa mbili, misuli ya chini ya dole gumba haipati hata nukta moja ya kulegea. Mtaalamu wa viungo aliyenipima alinikunjisha dole gumba ndani ya ngumi, kisha akakiinamisha kifundo kuelekea kwenye kidole kidogo, nami nikaruka kitini. Alinieleza kwamba kano za dole gumba hupita ndani ya ala nyembamba upande wa kifundo, mithili ya kisu katika ala yake, na kwamba kano zikisuguliwa mno njia hiyo huwa finyu. Madaktari huita hali hiyo kwa jina la de Quervain, daktari wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1895.

Kwa hiyo nilitafuta risha moja tu: ile ambayo ningeweza kuishika bila ya kuibana. Katika hili, nailoni hii imenifaa kuliko nilivyotarajia. Herufi na alama zilizonyanyuka juu yake huukamata ukavu mdogo uliobaki katika kidole, na hata mkono ukilowa risha haizunguki kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Nilijipima kwa njia ya kizamani: nilipiga wimbo mmoja mrefu, kisha nikatazama alama iliyobaki kwenye ngozi ya dole gumba. Kwa risha ya zamani palikuwa na shimo jekundu lililochukua dakika kadhaa kuondoka, na kwa hii panabaki mchoro mwepesi tu wa herufi. Pia nailoni ni nyumbufu. Uzi unapogoma, risha hupinda kidogo badala ya kuupeleka mshituko wote kwenye kifundo, na kwa mtu anayecharaza nyuzi sita kwa pamoja usiku kucha, tofauti hiyo huhisiwa mapema.

Kuhusu unene, hizi hutengenezwa kuanzia milimita 0.38 hadi 1.0, na rangi huzidi kuwa nzito kadiri unene unavyoongezeka, kutoka nyeupe mpaka nyeusi. Ile nyembamba kabisa sikuipenda, kwa kuwa hupiga kelele zake yenyewe juu ya uzi, na nilijikuta nikiongeza nguvu ili nisikike. Ile ya 1.0 ni nzuri kwa anayedonoa uzi mmoja mmoja, lakini katika kucharaza ilinirudisha kwenye kubana. Nimejaribu pia Tortex ya manjano ya kampuni hiyohiyo, ambayo nayo ni ya 0.73, na sauti yake ni kavu na angavu zaidi. Ningekuwa napiga ndani ya chumba chenye kiyoyozi huenda ningeichagua hiyo. Aina hii ya Tortex ilibuniwa ili ichukue nafasi ya gamba la kasa aitwaye ng'amba, ambalo biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Ukikutana na mtu Mji Mkongwe anakuuzia risha ya gamba la kweli, mwache aendelee na safari yake.

Hata hivyo, ningekuwa mwongo kama ningesema kipande cha nailoni ndicho kilichoniponya. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nayo mkononi na bado naumia, mpaka mzee mmoja mpigaji wa udi aliponitazama barazani na kuniambia, "Mwanangu, hiyo risha umeishika kama koleo. Ishike kama kikombe cha kahawa ya moto: hukibani, lakini hakikudondoki." Nilicheka, kisha nikaenda kumwangalia yeye mwenyewe. Risha ya udi ni ndefu na hulala ndani ya kiganja, ncha yake tu ndiyo inayochomoza kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na zamani ilikuwa unyoya halisi wa ndege, jambo ambalo jina lenyewe la Kiarabu linalihifadhi. Kwa sababu kiganja kizima kinaibeba, vidole havina haja ya kuing'ang'ania, na mkono hucheza kwenye kifundo kilichonyooka. Gitaa halipigwi kwa mshiko huo, lakini ulegevu ule unaweza kuazimwa. Aliye karibu na Dhow Countries Music Academy, skuli ya muziki iliyofunguliwa mwaka 2002, ana bahati ya kuona mikono ya namna hiyo kwa karibu.

Nilichobadilisha baada ya hapo ni kuacha ncha ya milimita mbili au tatu tu ipite chini ya uzi, kwa kuwa risha inayozama sana hulazimisha mkono uivute kama nanga. Niliacha pia kukikunja kifundo juu ya ukingo wa gitaa, na katika kucharaza nikaanza kuuzungusha mkono wote tangu kwenye kiwiko, kama mtu anayekung'uta maji mkononi. Nyuzi za seti ya 12 nimezishusha hadi seti ya 11, iliyo nyembamba kidogo, na fundi amelichonga kidogo daraja linalobeba nyuzi ili zikae chini. Kwa hiyo msomaji agawe sifa mwenyewe. Mimi naipa risha nusu yake, wala si zaidi.

Jambo jingine ninalolazimika kulitaja ni kwamba maumivu si ya aina moja. Mwenye ganzi katika dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa inayomwamsha usiku, huenda ana neva iliyobanwa ndani ya kifundo, na huyo aende hospitali kabla ya kwenda duka la ala za muziki.

Kwa anayecharaza katika bendi, tena kwenye joto, ninaipendekeza bila ya kusita. Kwa anayetaka kudonoa kwa kasi uzi mmoja mmoja, atafute iliyo nene na ndogo zaidi. Nailoni hulika kwenye ncha, na ile niliyoanza nayo imeshachongeka upande mmoja tu, wa kushoto, ishara kwamba bado ninailaza risha juu ya nyuzi zaidi ya inavyotakiwa; ya pili, niliyoifungua mwezi uliopita, imeanza kulika upande uleule, ingawa polepole zaidi.