Tahadhari: mota za waipa zilizopakwa rangi zinauzwa kama za Japani

Wenye magari ya zamani, someni hii kabla hamjatoa hela. Nimeuziwa mota ya waipa iliyokwisha na kupakwa rangi, na ile yangu iliyokuwa nzima ikaondoka nikiangalia. Nimeumia, na sitaki mwingine aingie mle mle.

Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1998. Jumamosi moja ya Aprili nilikuwa natoka Kibaha na watoto wawili nyuma, mvua ya masika inamwagika. Karibu na Kibamba waipa zikaanza kupanda kwa shida, kila mzunguko mzito kuliko uliopita, halafu zikasimama katikati ya kioo. Lori likanipita, likanimwagia tope kioo kizima. Nikashusha dirisha, nikatoa kichwa nje, nikaingia pembeni kwa kubahatisha huku mdogo analia. Kwa hiyo mtu anayeuza spea hii mbovu kwa makusudi, kwangu mimi anacheza na roho za watu.

Jumatatu nikaenda kwa fundi niliyeelekezwa tu, simjui. Akawasha swichi, akasikiliza kidogo, akasema, "Bosi, mota imekufa hii." Fyuzi hakuigusa, nati hata moja hakuifungua. Akampigia simu winga wa Kariakoo, yaani dalali wa mtaani, akatupeleka kwenye duka dogo la spea za mtumba upande wa Gerezani. Muuzaji akatoa mota nyeusi tii, inang'aa, akasema imeshuka juzi kwenye kontena kutoka Japani. Akaishikisha kwenye betri kwa waya mbili, ikazunguka vizuri. Nikalipa 85,000. Fundi akaifunga, akachukua 20,000 yake, na ile ya zamani akaitia kwenye boksi lake la spana: "Hii skrepa tu bosi, niachie." Nikamwachia.

Ilifanya kazi siku mbili. Ya tatu ikawa inanguruma tu, waipa hazisogei. Nikarudi dukani, nikaambiwa mali ikiuzwa hairudi. Risiti niliyokuwa nayo ni karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu, na nilipoangalia ujumbe wa malipo kwenye simu, jina la aliyepokea hela halikuwa la duka wala la yule muuzaji. Hapo ndipo nilipojua nimepigwa.

Mzee mmoja fundi umeme wa huku kwetu Mbezi aliifungua mota ile mbele yangu. Rangi ilikuwa imepuliziwa hadi kwenye mifereji ya vichwa vya skrubu. Ukikwangua kwa ukucha inatoka, chini yake kutu. Soketi ya waya ilikatwa kwenye gari jingine, ikaungwa kwa tepu. Ndani, gia ya plastiki ilikuwa imelika meno matatu yaliyofuatana, na kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimebaki kama punje za mchele. Juu ya uchafu wote ule walikuwa wamepaka grisi mpya. Yaani mtu alikaa chini, akaona meno hayapo, akapaka grisi, akafunga.

Kilichoniuma zaidi kilifuata. Mzee alichomoa linkeji, vile vyuma vinavyounganisha mota na mikono ya waipa, akaniambia nizungushe kwa mkono shafti ya upande wa abiria, kile chuma kinachozungusha mkono wa waipa. Haikwenda. Ilikuwa imeshika kutu ndani ya bushi yake, yaani kile kibomba inamozungukia, mpaka ikahitaji koleo. Huo ndio ulikuwa ugonjwa tangu Kibamba! Mota nyingi za waipa zina kinga ndani inayokata umeme ikizidiwa na joto, na ikipoa inarudi. Yangu ilikuwa inachoka kusukuma shafti iliyoganda. Alisafisha, akatia oili na grisi, akachukua 15,000.

Kwa hiyo usikubali neno "mota imekufa" mpaka vitu vichache viangaliwe, na wewe usimame pale pale. Ukiwasha ukasikia mota inazunguka lakini waipa hazisogei, tazama nati za mikono kama zimelegea, au linkeji kama imechomoka. Ukiona mkono mmoja unakwenda na mwingine umelala, karibu kila mara ni hapo hapo. Zikienda polepole huku kioo kimelowa vizuri, shuku shafti. Kukiwa kimya kabisa, anza na fyuzi, kisha umeme upimwe kwenye soketi ya mota kwa testa: ukifika pale, na waya wa ardhi uko sawa, na mota haijibu, hapo sasa inunuliwe. Zikisimama popote kwenye kioo ukizima swichi, badala ya kurudi chini, ni ile sehemu ya ndani ya mota inayozirudisha, au waya wake. Na tafadhali, usiingize vidole kwenye linkeji swichi ikiwa imewashwa, inakata.

Jaribio la waya mbili kwenye betri lisikudanganye. Mota isiyobeba kitu huzunguka hata ikiwa imechoka, na kwa waya mbili huoni mwendo wa pole, wa kasi, na kujirudisha vyote vitatu. Dai vyote, na ikiwezekana ifungwe kwenye gari lako kabla hujalipa. Ulizia pia imetoka kwenye gari la usukani upi. Za usukani wa kushoto mpangilio wake hugeuka, mtu anaweza kukuuzia ikafunga vizuri kwenye boliti na waipa zikalala upande usio wake.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila hiyo nimehangaika sana kueleza nilinunua wapi, ingawa malalamiko nimeyaandika kwenda Tume ya Ushindani, inayoshughulikia pia haki za walaji, maana kibao cha "mali ikiuzwa hairudi" hakimpi mtu ruhusa ya kuuza kitu kibovu kwa jina la kizima.

Spea ya zamani ondoka nayo, hata kama fundi anaapa ni skrepa. Niliporudi kwa yule wa kwanza kuulizia yangu, boksi lilikuwa tupu, akasema kashaipeleka kwenye chuma chakavu. Mota nzima, ya gari linalotembea kila kona ya mji huu. Sijaamini, na kila nikipita Gerezani natazama mota nyeusi zilizopangwa mezani nikitafuta yangu.