Pikipiki za spoti za cc 600: tazama mishikio kabla ya rangi

Nilinunua Yamaha R6 iliyotumika kwa sababu muuzaji, ambaye sitamtaja, alinihakikishia kwamba spoti zote za cc 600 (cc ni kipimo cha ukubwa wa injini) hukaliwa namna moja. Safari ya kwanza ya Jinja ilimsuta. Niliposimama Namawojjolo, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja hapa Uganda, kununua kuku wa kuchoma, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi hata nikashindwa kuushika mshikaki, ikabidi mchuuzi anishikie huku akinipa pole.

Kwa hiyo sitajadili kasi, kwani zote nne nitakazozilinganisha, za Honda, Suzuki, Kawasaki na Yamaha, hukimbia kuliko barabara zetu zinavyoruhusu. Tazama mahali mishikio ilipofungwa. Juu ya shokabu mbili za mbele kuna bamba linaloziunganisha: mishikio ikikaa juu ya bamba hilo mgongo hunyanyuka, ikikaa chini yake uzito wa kiwiliwili huangukia viganja. Kwenye uwanja wa mashindano upepo wa kasi humwinua mpanda kifuani, viganja vikapumzika. Kati ya Mukono na Lugazi hakuna upepo wa namna hiyo; kuna matuta, na vile vituta vidogo vya mfululizo vinavyotetemesha hadi meno, na kila unapofunga breki mwili mzima husogea mbele. Anayeegemea mishikio hukaza mikono, na mikono iliyokazwa hulizuia gurudumu la mbele kujipinda, ndipo pikipiki inayosifika kwa kona inapoonekana nzito.

Sifichi kwamba mimi ni mtu wa Honda, na CBR600RR naiweka ya kwanza. Mishikio yake iko chini ya bamba kama ya wenzake, lakini huhitaji kuifuata mbali, na kiti chake kilicho milimita 820 kutoka ardhini hukuwezesha kukanyaga chini kwa uhakika unaposimama kwenye mteremko wa Kampala. Tangu toleo la 2007 ina kifaa cha kielektroniki kinachouacha usukani mwepesi kwenye foleni na kuukaza mwendo unapoongezeka, jambo linalotuliza moyo lami inapokuwa na viraka. Inafuata Suzuki GSX-R600, yenye kiti cha milimita 810, ambayo tangu 2006 vikanyagio vyake vinaweza kuhamishwa katika nafasi tatu; magoti yatashukuru, viganja havitaona tofauti. Kawasaki ZX-6R ya cc 636 huvuta vizuri hata injini ikizunguka polepole, basi hubadilishi gia ovyo. R6 ni ya mwisho. Kwenye kona hugeuka kabla hujamaliza kuiwaza, hilo nakiri, ila kiti cha milimita 850 na mishikio ya chini vilibuniwa kwa ajili ya uwanja.

Mwenye fedha kidogo achukue Ninja 400 ya Kawasaki, au R3 ya kabla ya 2019, mwaka ambao Yamaha waliishusha mishikio yake chini ya bamba.

Wauzaji wetu hutaja bei kwa dola na huziweka pikipiki kwenye stendi, ukikaa dakika moja wanakuharakisha ushuke. Ng'ang'ania dakika kumi, mikono yote miwili ikiwa kwenye mishikio. Mimi nilipomrudishia muuzaji yule R6 yangu ainunue, alinikata bei vibaya, na sababu aliyoitoa ni kwamba pikipiki hiyo huumiza viganja.