Pati za sufu: jozi ya kwanza iliniaibisha

Wenzangu wa matembezini waliponiona waliniuliza nimevunjika miguu yote miwili lini. Siwalaumu. Pati ni utepe mrefu wa kitambaa unaozungushwa kuanzia kifundo cha mguu hadi chini ya goti, na jina lenyewe limetokana na neno la Kihindi lenye maana ya utepe au bendeji. Jeshi la Waingereza lililokuwa India ndilo lililouchukua mtindo huo, na katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi mengi yalikuwa nazo miguuni.

Jozi yangu ya kwanza ilikuwa mstatili mtupu. Lakini mguu si bomba: kifundo ni chembamba, shavu la mguu limetuna. Kila mzunguko ulibaki wazi upande mmoja, na saa moja baadaye nilikuwa naburuta mkia matopeni kama mbuzi aliyekata kamba.

Ya pili ni ya sufu nzito, upana wa kiganja, urefu wa karibu mita 2.7, na imekatwa kwa kupinda kidogo. Hii inalala mguuni yenyewe. Ila kuna ya kulia na ya kushoto. Ukizibadilisha, umerudi kule kule kwenye mkia.

Unaanzia kwenye shingo ya buti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, kisha unafunga kwa ugwe chini ya goti. Usikaze. Mimi nilikaza kwa kuogopa aibu ile ya kwanza, nikapanda mlima mzima vidole vikiwa na ganzi. Askari wa farasi walianza gotini na kumalizia kifundoni. Nimejaribu, kwa mtembea kwa miguu sikuona faida.

Vijiwe na mbegu za nyasi haviingii tena butini, na sufu hata ikilowa bado inatia joto. Siku mwenzetu mmoja alipoteguka kifundo, tulifungua pati yangu moja tukamfunga nayo. Hapo hakuna aliyecheka.

Juani ni mateso, kusema kweli, na kukauka zinachukua siku mbili. Wenye vifuniko vya miguu vya zipu humaliza kuvaa nikiwa bado kwenye mguu wa kwanza.

Ya sufu naendelea nayo. Ule mstatili nimeukata vipande, nafungia hema.