Programu za kupanga safari mtandaoni: Kampala zinasaidia wapi, na zinakwama wapi

Iambie programu ya kupanga safari ikutoe Ntinda ikufikishe uwanja wa ndege wa Entebbe kwa usafiri wa umma. Moja itajibu kwamba njia haipo, kisha ikusukumie gari la binafsi. Nyingine itachora mstari mzuri kutoka steji hadi steji na kuandika kwamba taksi inaondoka saa 1:12 asubuhi. Taksi ya saa 1:12 haipo. Iliyopo ni ile nyeupe ya viti 14, yenye mkanda wa miraba ya buluu ubavuni, na itaondoka kiti cha mwisho kikipata mtu.

Kasoro nyingi za programu hizi hapa kwetu zinatokana na hilo. Muundo wa data unaosomwa na karibu zote, GTFS, ulianza mwaka 2005 katika mji wa Portland, Marekani, pale shirika la usafiri la TriMet liliposhirikiana na Google. Mabasi ya kule yana namba, vituo vina namba, na saa ya kuondoka inajulikana tangu jana yake. Kwa hiyo muundo wenyewe unadai kila safari iwe na orodha ya vituo na saa, angalau za kituo cha kwanza na cha mwisho. Pasipo na ratiba, kuna faili la pembeni linaloitwa frequencies.txt, ambamo mwandaaji anaweza kuandika kwamba gari hupita kila baada ya sekunde 600. Programu inasoma hapo, inakadiria kwamba utasubiri dakika tano au kumi, inajumlisha na muda wa barabarani, inakupa jibu.

Kampala mtu hasubiri kituoni, anasubiri akiwa ndani ya gari. Chukua taksi inayojaza steji ya mwanzo. Abiria wakija mmoja kila dakika 2, gari la viti 14 litajaa kwa dakika 28, na aliyepanda wa kwanza ndiye atakayezimaliza karibu zote. Saa ya watu kutoka kazini, wakija mmoja kila sekunde 20, gari hilohilo linajaa kabla ya dakika 5 kuisha. Programu inatoa jibu moja kwa hali zote mbili. Na kwa anayengojea katikati ya njia hesabu inageuka kabisa: asubuhi pale Kireka unaweza kuona taksi zinapita mfululizo kuelekea mjini bila hata moja kusimama, kwa sababu zimejaa tangu Mukono au Bweyogerere. Ramani inasema usafiri ni mwingi, na ni kweli, ila hakuna kiti chako. Wakati kama huo ni nafuu kulipa nauli ndogo ya kurudi nyuma hadi steji ya kuanzia, ukae, ndipo uje mjini. Hatujaona programu inayompa mtu ushauri huo.

Safari ya Entebbe inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo inayowakosesha watu ndege. Programu ikikosa data ya taksi huegemea muda wa gari dogo. Gari dogo kutoka Ntinda litashika Northern Bypass hadi Busega, kisha barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe iliyofunguliwa mwaka 2018 na inayolipiwa tangu Januari 2022. Taksi nyingi hazipiti huko. Zinapita barabara ya zamani, Kibuye, Najjanankumbi, Zana, Kajjansi, Abayita Ababiri, kwa sababu abiria wa kupanda na kushuka wako huko, na katika barabara ya kulipia hakuna wa kuokota. Tena kutoka Ntinda itakubidi kwanza uingie katikati ya mji, ubadilishe gari kwenye paki (uwanja mkuu wa taksi), usubiri lijae, ndipo safari ya Entebbe ianze. Ukifika, mwisho wa taksi ni Kitooro. Kutoka pale hadi jengo la abiria ni kilomita kadhaa nyingine, kwa bodaboda au gari la kukodi, na kipande hicho programu hukisahau au hukuandikia ukitembee.

Kuna namna ya kupata makadirio yanayofaa kutoka programu hiyohiyo. Acha sehemu ya usafiri wa umma, nenda sehemu ya gari. Kwenye machaguo ya njia, washa lile la kuepuka barabara za kulipia. Hapo mstari utarudi kwenye barabara ya zamani, njia ya taksi yenyewe. Usiangalie muda wa sasa hivi. Weka siku na saa utakayoondoka, upewe makadirio kama dakika 50 hadi saa 1 na dakika 40, kisha ushike ile namba kubwa. Juu yake ongeza muda wa kujaza (nusu saa ikiwa ni mchana au Jumapili, dakika kumi ikiwa ni saa za pilikapilika), kisha muda wa kubadilisha gari paki, kisha kipande cha Kitooro. Njia ya Ntinda hadi mjini ifanyie hesabu yake peke yake, usiiunganishe na ya Entebbe. Ni kazi ya dakika tatu, na matokeo yake yanakaribia ukweli kuliko saa 1:12 ya kubuniwa.

Kwenye paki zenyewe programu zinapotea kabisa. Alama ya ramani inawekwa katikati ya Old Taxi Park kana kwamba ni kituo kimoja cha basi. Pale ni uwanja wenye mamia ya magari, kila njia na mstari wake, na kosa la lango moja linakuzungusha katikati ya magari, wachuuzi na wabeba mizigo. Kwa desturi Old Taxi Park inahudumia zaidi upande wa mashariki, njia ya Jinja, na New Taxi Park upande wa magharibi na kaskazini, lakini za Entebbe zinapatikana kote kuwili. Umbali kati ya paki hizi mbili ni mita mia chache tu. Programu inaandika dakika za kutembea kama vile barabara ni tupu. Mwenye begi na mtoto azizidishe mara mbili. Halafu mambo yanahama. Mwaka 2020 Old Taxi Park ilifungwa kwa ukarabati na taksi zikatawanywa sehemu nyingine za mji, na njia zilizochorwa kabla ya hapo zikawa zinawapeleka watu kwenye lango lililofungwa. Kwa hiyo kabla ya kuamini mstari wowote, tazama tarehe data ilipohuishwa. Isipoandikwa, ichukulie kuwa ya zamani na umuulize mpiga debe wa lango la kwanza.

Nairobi hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba jambo hili linawezekana. Ni kweli. Data ya matatu za kule ilikusanywa kwa simu na watafiti na wanafunzi wa vyuo vikuu, ikatolewa hadharani mwaka 2014, na mwaka 2015 ikaingia kwenye ramani za Google. Ila matatu ya Nairobi ina namba: 46 ni ya Kawangware, 111 ni ya Ngong. Taksi ya Kampala haina namba ya njia. Unasikiliza anayeita, unasoma kibao kama kipo, unauliza. Programu inayokuandikia upande njia namba fulani imeleta namba ya mwandaaji wa data, ambayo kondakta hajawahi kuisikia. Soma jina la mwisho wa njia, ndilo linaloitwa barabarani.

Kushuka nako ni vivyo hivyo. Programu inahesabu: shuka kituo cha saba. Ndani ya taksi hakuna anayehesabu vituo. Abiria anasema “maaso awo”, yaani hapo mbele kwa Kiganda, dereva anasogea pembeni. Fungua ramani uone kitone chako kinavyosogea, na ukibakiza mita 150 hivi, sema. Ukingoja simu itetemeke utashushwa mbele ya unakokwenda, hasa palipo na mteremko.

Nauli inayoonyeshwa ni moja, imekaa mahali pamoja. Nauli ya kweli inapanda mvua ikinyesha, jioni, na wiki ya Krismasi kwenye njia za kwenda vijijini. Uliza “mmeka?” (ni ngapi?) mlango ukiwa bado wazi, kabla hujakaa, na uwe na noti ndogo.

Kutafuta mahali kuna adha yake. Majina yana tahajia zaidi ya moja: Natete na Nateete, Gaba na Ggaba, Najera na Najjera, Kyaliwajala na Kyaliwajjala. Programu nyingine zinajua moja tu na hazikisii nyingine, kwa hiyo ukikosa, ongeza au punguza herufi kabla ya kukata tamaa. Kwa wafanyabiashara wa mpakani kuna mtego mbaya zaidi: Busia ziko mbili, ya Uganda na ya Kenya, zimegusana, na Malaba nayo ni hivyohivyo. Ukichagua ya kwanza kwenye orodha unaweza kupangiwa safari inayovuka mpaka, na muda wa uhamiaji haumo kwenye hesabu. Mahali pasipo na jina tuma Plus Code, msimbo mfupi wa herufi na tarakimu ambao ramani za Google huupa kila mahali: karibu na ikweta unataja mraba wa takriban mita 14 kwa 14, na hiyo inatosha kwa mwenye bodaboda kufika getini bila kupiga simu mara nne.

Programu za kuita bodaboda na magari zinafanya vizuri zaidi, kwa sababu hazitegemei ratiba. Bei unaiona mapema, na hata usipoagiza inakusaidia kupatana na boda wa steji. Hatutazikalia sana. Angalia tu kwamba alama yako iko upande sahihi wa barabara, hasa pale penye ukuta wa katikati.

Programu zinazotumia data ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, bila intaneti, kwa mfano OsmAnd, hazikupi muda wa taksi, na ni heri hivyo kuliko kukudanganya. Zinachoweza ni kuonyesha vichochoro vya kutembea kutoka barabara kuu hadi mlangoni, na hapo huwa makini kuliko nyingine. Ramani ya Uganda nzima inapakuliwa mara moja kwa waifai. Kwa nchi ambayo tangu Julai 2021 bando la intaneti lina kodi ya asilimia 12, na ambayo Januari 2021 ilikaa siku kadhaa bila intaneti wakati wa uchaguzi, ramani iliyomo ndani ya simu ni kitu cha lazima.

Wanaotengeneza programu hizi hawana kisingizio cha kukosa zana. Tangu 2020 GTFS ina sehemu ya kueleza kwamba gari husimama popote njiani, continuous_pickup, inayofaa taksi zetu kabisa. Kinachobaki ni uamuzi: acheni kuandika saa ya kuondoka, andikeni “inajaza kwa dakika 5 hadi 30 kulingana na saa”. Andikeni nauli ya chini na ya juu. Andikeni mstari wa ndani ya paki. Abiria wa hapa anajua kuishi na makadirio mapana. Kinachomuumiza ni uhakika wa uongo, maana ndio anaoutegemea anapopanga kufika hospitali au kwenye usaili.

Jambo linalosikitisha zaidi ni kwamba hata penye ratiba ya kweli, programu hizi haziionyeshi. Meli ya MV Kalangala kwa desturi huondoka Nakiwogo, Entebbe, saa 8 mchana kwenda Lutoboka visiwani Ssese, na hurudi saa 2 asubuhi, mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Ni safari mbili kwa siku, za kuingizwa kwenye data kwa muda mfupi sana. Ukiiuliza programu itakuzungusha kwa barabara hadi Bukakata upande wa Masaka, ukavuke na kivuko, au itasema kisiwani hakufikiki.

Mabasi ya masafa marefu yana tovuti za tiketi, na hizi zinafaa kutumiwa kwa tahadhari mbili tatu. Hakikisha basi linaondokea wapi: Kisenyi, Namayiba, au ofisi ya kampuni yenyewe, maana alama ya ramani mara nyingi ni ya makao makuu. Saa ya kuripoti si saa ya kuondoka. Kwa kawaida ni nusu saa kabla. Basi la saa 6:30 usiku wa kuamkia Jumamosi kwenye tovuti ni la tarehe ya Jumamosi, 00:30, na ukichagua Ijumaa utakuwa umekosa basi kwa siku nzima. Na kwa Kigali, kumbuka Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Tovuti nyingine huandika saa ya kuondoka kwa saa za Uganda na ya kufika kwa saa za Rwanda, kisha programu inatoa moja kwa nyingine na kukuonyesha safari fupi kwa saa nzima. Anayekupokea Nyabugogo, stendi ya mabasi ya Kigali, mpe saa ya Kigali, na umwambie hesabu yako imejumlisha foleni ya mpakani Katuna.