Pikipiki ya kubebea mzigo milimani: ipi inabaki na nguvu ukishaipakia?

Malalamiko ninayopokea kutoka Njombe na Makete yanafanana kama yameandikwa na mtu mmoja. La karibuni ni la kaka aliyenunua pikipiki mpya ya cc 100 Kariakoo. Akaijaribu mtaani, ikachomoka vizuri, akaisafirisha kwao. Sasa kila akifunga gunia la viazi inakufa mlimani, anashuka na kusukuma. Muuzaji alimwambia, "Hii ni nyepesi kaka, kwa hiyo ina mbio."

Tuanzie kwenye huo wepesi. Rangi, taa na mlio sitavigusa, na ulaji wa mafuta kila kijiwe kina maprofesa wake.

Wapenzi wa mapikipiki makubwa hupima nguvu kwa kugawa farasi wa injini (yaani kipimo cha nguvu zake) kwa uzito wa chombo. Kawasaki Ninja H2R, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya viwanja vya mashindano tu, ina farasi 310 na kilo 216. Hiyo ni kama farasi 143 kwa kila kilo 100. Akipanda mtu wa kilo 70 wanabaki 108, bado ni balaa. Watu hao wakilipia fedha nyingi kupunguza kilo mbili za chuma, nawaelewa.

Sasa chukua Bajaj Boxer 150: farasi 12, kilo 123. Ikiwa tupu ina farasi 9.8 kwa kilo 100. Panda wewe wa kilo 70, funga gunia la kilo 100 (la halali, lumbesa tuiache kwanza), jumla inafika kilo 293 na farasi wanashuka hadi 4.1. Zaidi ya nusu ya hesabu imeyeyuka, kwa sababu wewe na gunia mmeizidi pikipiki uzito. Hata kiwanda kikikupunguzia kilo sita, utapata 4.2. Huo ndio wepesi unaouziwa! Kwa mbeba mzigo, anayeamua ni injini, na uzito wa pikipiki yenyewe ni habari ya pembeni.

Kuna kingine ambacho sijamsikia muuzaji yeyote akikitaja: hewa. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Kariakoo ipo pwani. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa inayovuta ni hafifu. Kwa hiyo wale farasi 12 wa Boxer wanafika Njombe wakiwa tisa na nusu hivi, na lile gunia linakuachia farasi 3.3 kwa kilo 100. Cc 100 yenye farasi wanane na kilo 110 inakwenda 2.3. Hapo kaka yetu atasukuma tu, hata kama pikipiki imetoka kiwandani jana.

Tena kabureta iliyosetiwa pwani inaendelea kumwaga petroli ileile wakati hewa imepungua. Plagi inakuwa nyeusi, moshi unatoka, fundi anakuuzia plagi nyingine. Mwambie aangalie kwanza jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli.

Kwa hesabu hiyo, namba moja yangu ni Boxer 150, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Boxer. Farasi wake 12 wanapatikana kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika, huko injini inalia mpaka majirani wanatoka nje. Ninachokipenda ni kwamba nguvu yake kubwa ya kusokota inakuja mapema, kwenye mizunguko 5,000. Pale tayari una farasi karibu tisa, na ndipo unapopanda na mzigo bila kuitesa.

TVS HLX 150 ni jirani yake wa karibu, na kama fundi wako na duka la spea lililo karibu nawe ni la TVS, nenda nayo, sitakununia. HLX 125 ina farasi karibu 11. Kwa abiria mmoja mjini inatosha sana. Kwa gunia la Njombe, wasiwasi.

Za Kichina za bei nafuu: nyingi injini zao ni ukoo wa Honda CG125 ya miaka ya 1970, ngumu kufa na kila fundi anaijua. Ila stika ya "150" ubavuni usiihesabu kama farasi.

Ambalo linanikera ni kwamba ukiuliza karatasi ya vipimo dukani wanakutazama kama umeomba kadi ya benki yao. Unauliza farasi, unaonyeshwa kofia ngumu ya bure. Unauliza bei, unatajiwa isiyo na usajili wala bima, na vyote viwili vinaibuka ukishatoa fedha mfukoni. Halafu kuna hili la "tutakuongezea meno ya spoketi ya nyuma, itavuta." Kutoka meno 42 hadi 45 msukumo kwenye tairi unaongezeka kama asilimia 7, kweli, lakini unaulipia kwa mwendo, na farasi hakuna aliyezaliwa.

Kama pikipiki itafanya kazi Njombe, inunulie Njombe au Makambako. Bei itazidi kidogo ya Dar kwa sababu ya usafiri. Lipa, lakini kabla ya kulipa mwombe muuzaji apande nyuma, mtafute kilima pamoja. Akikataa kupanda, duka la pili liko hapohapo mtaani.